Kona Iliyozama

Jumatatu, 3 Machi

Nimekama, nimepeleka maziwa barabarani, nimerudi kufagia. Vumbi jeupe tena chini ya dirisha la jikoni. Nilifagia hapo hapo jana. Nyumba inamwaga unga kama kinu.

Mwaura amekuja tena upande wake. Nilisikia viatu vyake kupitia ukuta wa mbao. Anapima vyumba. Ile futi yake ya chuma hulia inaporudi kwenye kasha. Akamaliza, akafunga mlango, akaenda. Tangu tumzike mama yake mwezi wa kwanza amekuja mara nne. Hajasalimia hata mara moja.

Sina haki ya kulalamika. Miaka thelathini na kitu familia zetu mbili zimekaa chini ya paa moja bila kupeana kikombe cha chai.

Alhamisi, 6 Machi

Leo amekuja na fundi wa mawe. Mwanamke wa makamo, ovaroli ya buluu, nyundo ndogo mkononi. Anaitwa Wairimu lakini watu wanamwita Fundi tu. Mwaura alibaki kwenye veranda yake. Fundi ndiye aliyekuja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, naomba kuona upande wako pia. Siwezi kubomoa nusu ya kitu kabla sijaona nusu ingine."

Kubomoa. Ndivyo nilivyopata habari.

Nilimwacha aingie. Akauliza nyumba moja ilipataje wenyewe wawili, nikamweleza tukiwa tumesimama. Mzungu aliijenga, akaondoka. Wenye hisa wa kampuni ya kununua ardhi wakanunua shamba lote, wakagawana vipande kwa kura. Baba mkwe wangu akapata kipande hiki, baba yake Mwaura kile cha jirani. Mstari wa sovea, yule mpima ardhi, ukapita katikati ya sebule. Hakuna aliyekubali kuiacha nyumba, hapa Kabazi hapakuwa na nyingine ya mawe. Wakasimamisha mbao za mwerezi kwenye mstari ule, sakafu hadi dari. Sisi tukabaki na jiko, stoo, chumba kimoja na tangi la mawe la nyuma. Wao wakabaki na meko ya ukutani, vyumba viwili na veranda.

"Na paa?" Fundi akauliza.

Paa lilibaki moja. Hakuna aliyejua jinsi ya kugawa paa.

Jumapili, 9 Machi

Mwaura aliningoja nje ya kanisa. Ana miaka arobaini na sita sasa, mabega ya mtu aliyeendesha malori maisha yake yote. Nilimfundisha Kiswahili darasa la saba. Hakuwa akiinua mkono. Leo alisema yote kwa mpangilio, kama mtu aliyekariri njiani.

"Nataka kurudi nyumbani, Mwalimu. Nimechoka na barabara. Lakini mama watoto hawezi kaa kwa ile giza, madirisha ni kama ya jela. Na kona inapasuka. Nitatoa upande wangu nijenge upya na mawe yale yale. Wewe utawekewa ukuta wa bloku pale katikati."

Ataanza tarehe ishirini na nne.

Nilisema nimesikia. Basi. Kuhusu giza ana haki. Kuta zina unene wa mkono wangu mzima, na mimi huwasha taa saa sita mchana nikitaka kusoma. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba ana haki.

Binti yangu Wambui alipiga simu kutoka Njoro. Nihamie kwake, kuna chumba, kuna maji ya moto. "Mum, ni mawe tu." Nilikata simu vibaya. Nitamwomba radhi kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwomba radhi. Bado nina hasira.

Jumatano, 12 Machi

Fundi amekuja peke yake. Anagonga jiwe moja moja na kusikiliza. Jiwe zima hutoa sauti kali. Lililoachana na wenzake hutoa sauti ya debe lenye maji. Nilimfuata nikiwa nimeacha ufagio. Baada ya nusu saa nikawa naweza kutofautisha mwenyewe.

Akapanda darini, akaniita. Nina miaka sitini na moja na goti bovu. Nilipanda. Miaka yote nimelala chini ya dari hilo na sijawahi kuona kilicho juu yake. Mwerezi mtupu. Boriti zinatoka ncha moja ya nyumba hadi nyingine, zinapita juu ya ukuta wetu wa mbao kana kwamba haupo. Bado zinanukia. Fundi akaweka kiganja juu ya moja.

"Ukikata hapa, upande wako unabaki kama sanduku halina ubavu. Bloku haitashika hii. Nitamwambia."

Kisha tukazunguka nje hadi kona ya kaskazini, upande wa Mwaura. Kidole changu kiliingia kwenye ufa hadi kiungo cha pili. Fundi akafukua chini kwa jembe, akanusa udongo. Nilingoja aseme nyumba imechakaa.

"Haijachakaa," alisema. "Imelowa."

Akanieleza. Mawe haya yameshikwa na udongo na chokaa, hayana simiti. Maji yakimwagika miguuni mwa ukuta kila msimu, udongo unatoka kidogo kidogo na kona inazama. Akanionyesha juu. Vyuma vya kushikia gata, lile bati la kukinga maji ya paa, bado vimo ukutani, safu nzima. Gata lenyewe hakuna.

"Nani alitoa gata?"

Nikasema sijui.

Nilidanganya.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hapa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Mume wangu Ndung'u alikufa bila kujua.

Tangi la nyuma ya jiko lilijazwa na gata za pande zote mbili. Familia zote zilichota. Mpaka wazee walipokosana kwa ajili ya ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Kitu kidogo hivyo. Baba mkwe akazungushia tangi ua, akatia kufuli. Ufunguo akanipa mimi. Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo, nataka kuonekana mwema.

Kiangazi kile mama yake Mwaura alikuja. Akaomba mtungi mmoja tu. Baba mkwe hakuwepo, hakuna ambaye angejua. Nikamwambia ufunguo sina. Ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu na umbo lake lilionekana. Aliutazama mfuko. Akasema asante, akashuka mtoni.

Njia ya mtoni ni mteremko mtupu. Aliteleza akipanda na mzigo, akavunjika mguu. Haukuunga vizuri. Wiki hiyo hiyo mume wake aling'oa gata la upande wao lote, akalikata vipande. Kama wao hawanywi, na sisi tusinywe mvua ya paa lao. Tangu siku hiyo maji ya paa lile yamekuwa yakimwagika kwenye ile kona.

Na tangu siku hiyo nimekuwa nikimsikia kupitia mbao. Hatua, mburuto. Hatua, mburuto. Miaka thelathini na minne. Wazee walikufa. Kufuli likaliwa na kutu likaanguka lenyewe. Ningeweza kwenda siku yoyote. Tulikuwa tukikutana kanisani, tunapeana mkono wa amani, tunaenda zetu.

Nilimnyima maji, kisha nikamwacha afe bila kumwambia pole. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi amemwambia Mwaura asibomoe. Mwaura amesema atatafuta fundi mwingine. Nilisikia yote nikiwa jikoni. Nilikaa na mwiko mkononi kama mjinga.

Woga tu.

Jumatatu, 17 Machi

Watu wawili wameleta mitaimbo na toroli, wameviweka veranda. Watarudi Jumatatu ijayo. Mawingu yamekaa juu ya Subukia tangu asubuhi. Hayajamwaga.

Sikula vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Nimesema.

Nilimkuta akitoa vitu vya mama yake. Godoro, sufuria, Biblia, koti la baridi. Nikasimama kwenye nyasi kwa sababu sikualikwa kupanda veranda. Nilianza na tangi nikaishia na aproni. Sikulia. Nilikuwa nimeapa nisilie, asije akalazimika kunihurumia.

Alisikiliza akiwa ameshika sufuria.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Mimi ndio nilikuwa nyuma yake na mtungi mdogo. Niliona huo ufunguo."

Simkumbuki mtoto. Nimejaribu siku nzima na sioni mtoto yeyote pale, namwona mama yake tu.

Akasema tena, taratibu, "Halafu mwaka uliofuata ukanifundisha ngeli."

Akaingia ndani.

Alhamisi, 20 Machi

Nilidhani ningesikia nafuu. Nasikia aibu. Lakini ni aibu iliyo wazi, si ile ya kufichwa, na nimefanya kazi zote za leo bila kusimama katikati nikasahau nilichokuwa nafanya. Hilo ni jambo.

Nimemweleza Wambui kwa simu. Kisha akasema nisihame kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya kwanza. Nilitoka na mwavuli nikasimama mbele ya kona. Maji yanashuka kutoka kwenye bati kama pazia na kuanguka kwenye mtaro yaliouchimba yenyewe. Nimekaa hapa tangu niolewe na sijawahi kutoka kuangalia mvua inaangukia wapi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika haraka, mikono imechubuka.

Saa tisa mchana mvua ya mawe. Dakika ishirini hivi. Mwaura alikuwa amekuja na lori kuchukua kabati. Nilisikia mlio, kama gunia la viazi likitupwa, kisha mwingine. Nikatoka mbio. Mawe ya kona yalikuwa yamelala kwenye matope na ncha ya paa inaning'inia. Mwaura amesimama chini yake, mikono juu, kana kwamba angeweza kulishika.

Nikamwita atoke. Akatoka. Nikampigia Fundi, alikuwa Subukia.

"Msiguse jiwe," akasema. "Tafuteni miti. Wekeni chini ya boriti ya ukutani, mahali bado pamekauka. Nakuja na boda."

Miti nilikuwa nayo. Mikaratusi niliyokata kwa ajili ya zizi la ng'ombe. Mwaura akashika ncha moja, mimi nyingine. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Barafu inatupiga vichwani. Hatukuzungumza ila "inua" na "shusha". Wa nne ulikuwa mfupi, akaweka jiwe chini yake, nami nikaushikilia akiupiga kwa nyundo. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa. Ana macho ya mama yake.

Fundi alifika akiwa amelowa hadi mifupani. Akapigilia kabari juu ya kila mti. Paa lilishuka upana wa vidole viwili. Likakaa.

Jumapili, 23 Machi

Hatukuenda kanisani, hata mmoja wetu. Jua limetoka. Fundi amerudi asubuhi na kutuita wote wawili kwenye kona.

Ukuta ulikuwa wazi kama mkate uliokatwa. Akatuonyesha jinsi ulivyo. Safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na kila baada ya hatua moja jiwe refu linalopita kutoka nje hadi ndani kuzifunga pamoja. Akatuonyesha na msingi. Unakalia mwamba. Mahali pote isipokuwa futi tatu hapa kwenye kona, ambapo waliujenga juu ya udongo mgumu. Ungedumu hivyo hivyo kama ungebaki mkavu.

Mwaura alichuchumaa, akapitisha mkono kwenye lile jiwe refu, upande huu, upande ule. Kwa muda mrefu. Mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote anajua kitu kilichofungwa vizuri.

"Na hii giza?" akamwuliza Fundi.

"Dirisha unaweza shusha mpaka chini. Jiwe la juu silitoi, nakata tu yale ya chini. Upate mlango wa vioo, jua liingie mpaka kwa meko. Hiyo ilikuwa inawezekana tangu siku ya kwanza. Hukuniuliza, uliniambia bomoa."

Mwaura alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Akaja jikoni kwangu kunywa chai. Aliinama kupita mlangoni ingawa mlango ni mrefu wa kutosha. Akanywa kikombe chote ndipo akazungumza.

"Sijakusamehe, Mwalimu. Sijui kama nitaweza. Lakini sibomoi."

Nikasema sawa. Nikamwongezea chai. Ilikuwa ni kweli, sawa.

Jumanne, 25 Machi

Mitaimbo imeondoka. Wenye mitaimbo wamekasirika kidogo.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki ya kuchimba. Mtaro kutoka kwenye kona hadi kwenye mteremko, wenye kokoto chini. Nimepika ugali na maharagwe kila siku kwa watu watano. Mwaura anachimba kama anamtafuta mtu huko chini. Leo kulikuwa na jiwe kubwa, akapumzika, akaniambia kitu bila mimi kuuliza. Kwamba mama yake alikuwa akisema mimi ni mwalimu mzuri. Kwamba alikuwa akimtuma kununua daftari akimwambia, "Yule mama anajua kazi yake, wewe sikiliza." Hakuwahi kunisema vibaya kwa watoto. Mwaura alikuwa akimkasirikia yeye kwa hilo, kuliko alivyonikasirikia mimi.

Nilikwenda kukatia ng'ombe nyasi. Huko ndiko nilikolia.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kaburini kwake. Ni pale juu ya shamba lao. Nilimwomba Mwaura ruhusa kwanza, akasema kaburi halina mlango. Nikasema nilichokuwa nacho cha kusema. Kilikuwa kifupi. Nilidhani baada ya miaka yote hiyo kingekuwa kirefu.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi anajenga kona. Amekataa simiti. Simiti ni ngumu kuliko mawe yenyewe, anasema, ukuta ukitaka kusogea kidogo jiwe ndilo litapasuka. Chokaa husogea pamoja na mawe. Ile ya kujengea, si ya kupaka. Aliiloweka kwenye pipa siku kumi ikawa laini kama siagi. Mawe yale yale yanarudi, aliyapa nambari kwa mkaa. Anayeweka ni yeye. Mwaura anachanganya. Mimi naosha mawe kwa brashi. Natamani mtu angenifundisha hii kazi nikiwa na miaka ishirini.

Jumamosi, 12 Aprili

Kona imefika paani. Miti imetolewa mmoja mmoja. Tulisimama mbali. Hakuna kilichosogea.

Chokaa hii haipendi jua wala haraka. Inataka kukauka polepole kwa wiki kadhaa, la sivyo itapukutika. Fundi amefunika kona kwa magunia na lazima yawe mabichi muda wote. Asubuhi nitamwagia mimi, jioni wao.

Wao, kwa sababu mke wa Mwaura, Nduta, amefika na watoto wa mwisho wawili. Mwanamke wa maneno machache. Aliiangalia nyumba kwa kuizunguka yote kabla ya kushusha mzigo.

Alhamisi, 17 Aprili

Gata limerudi. Bati jipya linang'aa vibaya kwenye mawe yale, lakini litapoa. Kutoka kwenye tangi Mwaura amevuta bomba hadi upande wao, na mfereji wao wenyewe wa kuchotea karibu na mlango wa nyuma. Alinikuta nikiangalia.

"Nimeweka bila kufuli," akasema.

Sikujua kama ni mzaha. Nadhani naye hakujua.

Jioni mvua ikanyesha, nusu saa tu. Maji ya pande zote mbili yakaingia kwenye tangi. Sauti ile nilikuwa nimeisahau. Kwanza ndogo chini kabisa, halafu inapanda.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Nduta amemtuma mtoto na chapati. Nimetuma mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, niliyopewa na rafiki yangu wa Molo. Wambui alikuja kutoka Njoro na mume wake. Alitembea kwenye nyumba nzima, pande zote mbili, akigusa kuta. Hakurudia yale maneno ya mawe tu.

Wambui na Nduta wamesema tutoe ukuta wa mbao. Mimi na Mwaura tulisema hapana kwa pamoja. Haraka ya nini.

Ijumaa, 25 Aprili

Dirisha la Mwaura limeshushwa hadi chini. Fundi amemaliza, amefunga vyombo vyake, amekwenda kazi nyingine. Nilimpa maziwa ya njiani. Akagonga jiwe la kona mara moja kwa nyundo, akasikiliza, akaondoka ameridhika.

Goti linauma tangu juzi. Baridi ya mvua hizi.

Jumanne, 29 Aprili

Nimechelewa kuamka. Goti lilinizuia kulala mpaka alfajiri, kisha nikalala kama gogo. Jua lilikuwa tayari juu. Ng'ombe analalamika. Nikamkama kwanza, nikajaza ndoo, nikaenda kwenye kona nikiwa na wasiwasi, jua liko wazi, zamu ya asubuhi ni yangu, na nilijua magunia hayajaguswa tangu jana jioni.

Yalikuwa mabichi. Maji yalikuwa bado yanadondoka chini, tone, tone, na udongo wa pale umelowa vizuri. Hakuna mtu nje. Ndani Nduta alikuwa anawaambia watoto wamalize uji.

Nilisimama kidogo. Kisha nikamwagia ndoo yangu sukuma wiki, nikarudi kuweka chai.